Kifaransa Changu ni cha Wodi ya Wazazi, Nijipe Maksi Ngapi?

Mpendwa mshauri, Mama Helena, shikamoo, naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya tarehe ishirini na nane ya mwezi huu wa tano, maana siku hiyo fomu ya kozi inarudi Musoma, na mimi fomu hiyo nimeshaiandika kwa penseli na kuifuta mara nne mpaka karatasi imetoboka, na ukichelewa mwenyekiti wetu ataipeleka vile anavyotaka yeye na hapo nitakuwa nimekwisha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi minane, anaitwa Shida, nakaa hapa Butiama upande wa kwenda Mwitongo, nimesoma mpaka la saba. Mume wangu anafanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba kule Bunda na anarudiga nyumbani Jumamosi. Majina ya watu wazima niliyoandika humu nimeyabadilisha yote, mume wangu nimemwita Bernado na mwenyekiti wa kijiji nimemwita Mzee Silasi, ingawa wakisoma watajijua.

Tatizo langu ni Kifaransa.

Usicheke kwanza. Nilipomaliza shule nilikuwa na miaka kumi na tano, nikapata kazi ya kufua na kubeba mabeseni kwenye wodi ya wazazi ya misheni moja huko kando ya ziwa, na mkunga mkuu alikuwa sista mmoja mzee wa Kanada, kule wanakosema Kifaransa, ambaye Kiswahili chake kilikuwaga kizuri kabisa asubuhi akiwa ametulia, lakini mama akishikwa na uchungu wa kweli Kiswahili chote kinamkimbia sista, anabaki na lugha ya kwao tu, basi kwa miaka mitatu nikawa naelewa kila anachosema bila hata kugeuka kumtazama. Respire ni vuta pumzi. Dusma ni polepole. Puse ni sukuma. Ankoo ni tena. Sebo ni vizuri, sefini ni imekwisha, na aporte la kuvet ni leta beseni. Nayajua mengine kama thelathini hivi, yote ya namna hiyo, na nayasema kwa sauti ya puani kama yake, mpaka masista wengine walikuwa wakinisikia wanadhani ni yeye. Lakini sikuwahi kumsikia akisema chai kwa Kifaransa, wala njia, wala jana.

Bernado alinikuta huko alipomleta dada yake kujifungua. Akanisikia namjibu sista, akapendezwa, siku ya tatu akaniambia, "Hebu nisemeshe na mimi hicho cha kizungu." Mimi aibu zikanijaa, na neno lililonijia mdomoni ni aporte la kuvet. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni moyo wangu umetulia. Mama Helena, tangu siku hiyo ananiitaga Kuvet. Ananiita Kuvet nyumbani, aliniita Kuvet mlangoni mwa kanisa siku ya ndoa yetu padri akiwa anasikia, na wenzake wa kinuni wakinikuta sokoni Bunda wanasema, "Shemeji Kuvet, hujambo?" na mimi naitikia sijambo huku najua kabisa kwamba mimi ni beseni.

Hilo ningeliweza. Lakini mwaka juzi balozi wa nyumba kumi alipita na daftari la ujuzi wa kijiji, kila nyumba iseme ina watu wanaojua kazi gani, kama kuna seremala, mkunga, fundi baiskeli, ili kijiji kijue kina nguvu gani kabla ya kuomba za serikali. Bernado alikuwa likizo, akamdakia balozi kabla mimi sijafuta mikono. "Andika mimi fundi wa mashine ya pamba, na mke wangu Kifaransa." Balozi akauliza, "Kifaransa cha kufanyia nini hapa?" Akajibiwa, "Wewe andika tu, siku yake itafika." Nami nikanyamaza, nilikuwa na ugali motoni, nikaona ni mazungumzo ya wanaume yatapita. Basi daftari la kijiji chetu linasema maseremala watatu, wafuma vikapu tisa, Kifaransa mmoja.

Siku yenyewe ikafika mwezi wa saba mwaka jana. Wakaja wageni na Landrova mbili kutoka nchi moja ya Afrika ya magharibi, akina mama wa chama chao cha wanawake, wamekuja kuona kijiji cha ujamaa, na mkalimani wao alikuwa ameugua tumbo amebaki Musoma. Mzee Silasi akafungua daftari. Nilikuwa shambani naokota pamba, tumbo la miezi saba, nikaja kuitwa na watu watatu kwa mpigo kama kuna moto. Nikasimamishwa mbele ya mama mmoja mnene, mkubwa wao, ametoka kwenye gari jua la saa saba, jasho linamtiririka, anahema. Mama Helena, nilimwona anahema hivyo, na ulimi wangu ukafanya kazi yake iliyozoea. Nikamshika mkono nikamwambia vuta pumzi, mama. Polepole. Tena. Vizuri sana. Imekwisha.

Yule mama alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akanishikilia mabega asianguke, na kijiji kizima kikapiga makofi. Halafu akaanza kusema maneno marefu, na mimi nisiambulie hata moja, kila akinyamaza kungoja jibu nasema ankoo, yaani tena, na yeye anarudia yote tangu mwanzo, na watu walipoona mgeni anasema, mimi nasema, mgeni anasema, wakaona kumbe tuko ndani ya mazungumzo. Mara ya tatu alikuwa hacheki tena. Aliniwekea kiganja kwenye tumbo, machozi yakamtoka, akasema taratibu sana. Mzee Silasi akaninong'oneza, "Binti, anasemaje?" Na mimi nikasema, "Anasema pamba yetu ni nyeupe na imechambuliwa vizuri." Katibu akaandika kwenye muhtasari. Uko mpaka leo. Mimi mpaka leo sijui yule mama aliniambia nini, na Shida akilala kifuani kwangu huwa nakiona kile kiganja.

Sasa ndipo imekuja hii barua ya elimu ya watu wazima kutoka Musoma. Kuna kozi mbili za Kifaransa na kijiji chetu, kwa ajili ya lile daftari, kimepewa nafasi moja, tuchague mtu wetu aende wapi. Kozi ya kwanza ni ya wanaoanza, hapo Musoma, darasa liko Kamunyonge, siku tatu kwa wiki saa tisa mchana, miezi sita, na unaweza kuja na mtoto wako. Kozi ya pili ni ya wanaoendelea, iko Dar es Salaam, miezi tisa bweni, hawapokei watoto wachanga, na ukimaliza unakuwa mkalimani wa wageni wa mkoa. Sehemu ya tatu ya fomu imeandikwa Jipime Mwenyewe, kuna kusikia, kusema, kusoma na kuandika, kila kimoja ujipe kuanzia sifuri mpaka tano.

Mzee Silasi amesema nijaze tano nne, yaani tano kila mstari. Nikamwambia, "Mzee, kusoma sijawahi hata kukiona kimeandikwa." Akasema, "Mama Shida, unajidharau. Mimi niliona kwa macho yangu mgeni akilia kwa ulivyosema. Mtu asiyejua lugha anamlizaje mtu?" Akaongeza kwamba kijiji cha jirani kimepeleka mtu wa kozi ya trekta, na sisi tukipeleka mtu wa kuanza a, e, i, o, u tutachekwa tarafa nzima. Bernado naye anasema niende Dar, mtoto atakunywa maziwa ya ng'ombe kwa bibi yake, mama yake Bernado. Mama mkwe yeye anakaa Makoko, hapo hapo Musoma, ameniletea ujumbe kwa mtu wa dagaa kwamba nikisoma Musoma nikae kwake, samaki furu wapo, ugali upo, mtoto tutampokezana, lakini nikienda Dar yeye hamnyonyeshi mtu, ziwa lake lilishastaafu.

Wiki iliyopita nilijaribu kujipima mwenyewe bila kumwambia mtu. Nilipeleka Shida kliniki Musoma, nikapita Kamunyonge, nikasimama chini ya dirisha la lile darasa la wanaoanza, mtoto mgongoni. Mwalimu ni kijana mmoja kutoka Burundi, nimempa jina la Rafaeli. Alikuwa anawasemesha, nao wanaitikia kwa pamoja, na mimi nikatega sikio nikingoja neno langu hata moja lipite. Halikupita. Robo saa nzima hakuna mtu aliyesukuma wala kuvuta pumzi. Shida akalia, mwalimu akachungulia, akaniuliza kitu kwa Kifaransa kwa upole, na mimi nikamjibu sebo, sefini, nikaondoka mbio mpaka stendi.

Sasa sielewi. Nikijipa moja naona nasema uongo, kwa sababu ndani ya wodi ile nilikuwa nasikia yote, sista alikuwa ananitegemea, na wapo watoto Musoma hii waliozaliwa kwa Kifaransa changu. Nikijipa tano nasema uongo mkubwa zaidi. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, ni kwamba nikishika penseli niandike moja nasikia raha, kwa sababu moja ni Musoma na Musoma ni kukaa na Shida, halafu najiuliza, hivi najipima au natafuta kisingizio cha kutomwacha mtoto? Na lugha yenyewe naipenda, kwa kweli naipenda, usiniambie niache. Niambie nijipe ngapi, na nimwambie nini Mzee Silasi, na lile la Bernado la beseni nilifanyeje. Nimechoka, mtoto anaota meno, naandika barua hii kwa mkono mmoja. Jina langu usilitoe.

Ni mimi, Kifaransa mmoja,
Butiama


MAMA HELENA ANAJIBU

Mdogo wangu, au tuseme mwenzangu, shikamoo yako nimeipokea kwa heshima lakini nakurudishia, maana nina miaka ishirini na sita na mapacha wa mwaka mmoja. Wamelala sasa hivi. Hawalali kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema haraka, na pale nitakapokuwa mkali ujue ni usingizi.

Nimecheka. Uliniomba nisicheke nami nilijizuia mpaka ulipofika mlangoni mwa kanisa, hapo nikashindwa. Sasa nimemaliza kucheka.

Unauliza ujipe maksi ngapi kana kwamba ujuzi wa lugha ni gunia la pamba, unaliweka kwenye mizani pale kwenye chama cha ushirika, karani anasoma kilo, unakwenda nyumbani. Haupimwi hivyo. Ndiyo maana fomu imekupa mistari minne na siyo mmoja. Wewe umekijua Kifaransa cha chumba kimoja, chenye kitanda, beseni na mtu anayelia, na ndani ya chumba hicho hakuna wa kukudanganya. Nakuamini. Lakini fomu haikuuliza kama unajua kazi ya wodi. Imeuliza unajua Kifaransa kiasi gani ukitolewa humo. Kule wodini ulikuwa unamsikiliza sista kwa masikio, na pia kwa macho, kwa kumwangalia mama amefikia wapi, na kwa mazoea ya kujua baada ya hili linakuja lile. Ondoa kitanda, ondoa mikono ya sista, ondoa beseni, halafu utazame kilichobaki mdomoni mwako. Hicho ndicho cha kuandika kwenye fomu.

Fanya hivi kesho asubuhi, huna haja ya mwalimu. Jisimulie kwa Kifaransa ulivyoamka. Nimeamka, mtoto amelia, nimewasha moto, maji yamekwisha, naenda kisimani. Sema kwa sauti, hata kuku wakisikia. Pale utakapokwama ndipo darasa lako linapoanzia. Ukikwama kwenye kikao cha chama na bei ya pamba, nenda Dar. Ukikwama kwenye nimeamka, mama, nenda Kamunyonge. Kisha jaribu la pili: muulize mtu swali. Siyo kumwamuru. Umeona maneno yako yote ni ya amri? Sukuma, vuta, leta, tena. Huna hata swali moja. Mtu asiyeweza kuuliza kwa lugha fulani hajaanza kuisema, ameanza kuitumikisha tu.

Ila jaribu la kweli ulishalifanya, na majibu uliyaona. Ulisimama chini ya dirisha la wanaoanza robo saa nzima na hukuambulia neno. Halafu mwalimu akakuuliza kitu kwa upole nawe ukakimbia mpaka stendi na mtoto mgongoni. Sasa unataka nikupime mimi niliye huku mbali? Miguu yako imeshakupima.

Nisikufiche, nami nimepita hapo. Nilipoomba kazi kwa mara ya kwanza walituuliza Kiingereza chako kikoje, nikaandika hodari, kwa sababu niliweza kusoma barua za mjomba. Nikawekwa meza ya mbele kupokea watu. Siku tatu nilikuwa naitikia yes kwa kila kitu, nikaitikia yes kwa mzungu aliyekuwa anauliza kama ofisi imefungwa, akaondoka, na alikuwa ametoka Nairobi kwa shughuli hiyo moja. Siku ya nne niliomba mwenyewe nihamishiwe kwenye kufagia ukumbi. Kwa hiyo ninapokuambia tano za Mzee Silasi zitakurudisha kutoka Dar wiki ya kwanza, naijua safari yenyewe. Tena fikiria hili: nafasi ni moja. Wewe ukirudishwa, haikai ikikungoja. Umeikosa wewe, kijiji kimeikosa, na kuna msichana mahali fulani Bunda au Musoma aliyesoma Kifaransa mpaka kidato cha nne ambaye angekaa kwenye kitanda hicho cha bweni akasoma.

Sasa nikukaripie kidogo. Kumdanganya mume kwa beseni ni mzaha wa uchumba, nimeusamehe. Kunyamaza mbele ya balozi, nimeelewa, ugali ulikuwa motoni. Lakini yule mama mgeni alikuwekea mkono tumboni, akakuambia jambo lake mara tatu, analia, nawe ukawaambia watu amesifu pamba. Hapo hapana. Hapo ungesema tu, Mzee, hili sijalielewa. Maneno matatu ya Kiswahili. Mgeni asingekosa heshima, kijiji kisingeanguka, na huenda angetokea mwingine kwenye msafara ule mwenye Kiingereza kidogo akakuambia. Mkalimani kazi yake ya kwanza ni kusema sijaelewa. Ukiliweza hilo, hayo mengine utafundishwa. Alichokuambia yule mama sikijui, na hakuna wa kukurudishia. Ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kujifunza lugha hiyo vizuri, kuanzia chini, bila kuruka.

Kuhusu mtoto nakupenda kwa kusema ukweli, lakini umechanganya mambo mawili kwenye sufuria moja. Kipimo cha Kifaransa ni kitu kimoja, na kumwacha Shida ni kitu kingine. Hata kama ungestahili tano nne za halali, bado ungekuwa na haki ya kusimama na kusema mtoto wangu ananyonya, mwaka huu siendi. Usikitume Kifaransa kibovu kikasemee jambo ambalo una kinywa cha kulisema mwenyewe. Mwambie Bernado hivyo hivyo: siendi kwa sababu mbili, na kila moja inatosha peke yake. Halafu maziwa ya ng'ombe ayanywe yeye huko kinuni.

Kwa hiyo chukua kalamu ya wino, siyo penseli, tumechoka na kufuta. Kusikia jipe moja. Kusema jipe moja. Moja siyo sifuri, na wewe siyo sifuri, una maneno thelathini na una sauti ya puani ambayo wenzako darasani wataitafuta miezi sita. Kusoma sifuri. Kuandika sifuri. Kisha pembeni, pale pasipo na mstari, andika: nilijifunza kwa kusikia, wodi ya wazazi, miaka mitatu. Mwalimu mwenye akili akisoma hapo atajua akuanzishie wapi na asikurudishe wapi. Kama fomu imetoboka sana kaombe nyingine, kuomba fomu siyo kosa.

Mzee Silasi mfuate kwake kabla ya kikao, usimwambie mbele ya watu. Msalimie, kaa, mwambie, "Mzee, daftari letu lina kosa na mimi ndiye mwenye kosa, nataka tulirekebishe kabla Dar hawajalirekebisha wao." Atafoka. Mwache afoke, amebeba kijiji kizima kichwani na cha jirani kina trekta. Akiuliza ulimlizaje mgeni, mjibu kwamba hata mtoto wako anaweza kumliza mtu na bado hajaota meno yote. Akimaliza kufoka mwambie kwamba baada ya miezi sita kijiji kitakuwa na mtu anayeweza kumuuliza mgeni amelalaje na kuelewa jibu. Hilo kijiji cha trekta hakina.

Bernado mwambie yeye kabla ya wote, Jumamosi hii, akiwa ameshakula. Mwambie la daftari na la Dar na la beseni, yote kwa mkupuo, usimpe kwa vijiko. Kama ndiye mtu niliyemsoma kwenye barua yako atashika ukuta kwa kucheka, na jina hataliacha. Akikasirika, basi mpe siku mbili. Mtu aliyekutangaza Bunda nzima alikupenda wewe, na hakuwa na namna ya kukijua Kifaransa ili akipende.

Mama mkwe mtumie salamu kwa yule yule mtu wa dagaa kwamba unakwenda, mapema, apange mahali pa kulala. Jumatatu ya kwanza ukifika Kamunyonge usipite dirishani. Piga hodi mlangoni, keti mbele, mtoto akilia toka naye kisha urudi, na mwalimu akikuuliza kitu usichokielewa mwambie hujaelewa.

Na ikitokea wageni wengine wameshuka kwenye gari kabla hujamaliza kozi, wape kiti na maji ya kunywa, uwaambie karibuni kwa Kiswahili, na ukae nao hapo mpaka mwenye kujua lugha yao afike.

Mmoja ameamka.

Mama Helena